Bibi Harusi Si Picha ya Kurekebishwa

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa Dodoma mwaka 2016 jiji limejaa watu, na penye watu pana harusi, na penye harusi pana saluni. Leo nataka tuzungumzie ule mwezi mmoja kabla ya harusi, binti anapoambiwa "ujitengeneze sasa". Wengi wetu tunajua maana yake. Anatakiwa awe mweupe kuliko siku aliyoposwa.

Nani kamfundisha kwamba rangi yake haitoshi? Hakuna tangazo linalosema weusi ni ubaya. Linasema "ng'aa", linasema "ondoa madoa", kisha linamleta msichana yuleyule wa maji ya kunde. Kwenye video za muziki anayeimbiwa mapenzi mara nyingi ndiye mweupe. Simu nayo ina kamera inayopausha uso hata kabla hujaiomba. Binti akizoea kujiona humo, siku akijitazama kwenye kioo anadhani kioo ndicho kilichokosea.

Jambo hili si la leo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 ukapiga marufuku Dar es Salaam sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Magazeti yalijaa barua za kubishana. Lakini walioonja joto ya jiwe ni wanawake, waliozongwa na vijana mitaani hata kabla marufuku haijaanza. Zaidi ya nusu karne imepita na mkorogo bado unauzwa. Ukimwadhibu mwanamke na kuiacha picha iliyomfundisha, hujatibu kitu.

Na picha inaweza kufundisha kinyume chake. Mwaka 2007 Flaviana Matata aliiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe kule Mexico akiwa amenyoa nywele zote, na akaingia kumi bora. Hata kama mashindano ya namna ile huyapendi, fikiria wanafunzi wetu wa kike wanaokwenda shule vichwa vimenyolewa. Kichwa kama chao kilisimama mbele ya dunia bila wigi, na hakuna aliyesema ni cha mtoto wa shule. Tatizo ni kwamba ilikuwa picha moja, na matangazo ni kila siku.

Najua wapo watakaosema, "Mwache ajipambe, hata bibi zetu walijipamba." Kweli walijipamba. Sisi wa visiwani tuna hina, wanja, liwa na singo. Huku bara, wazee wa Kigogo walitoboa na kupanua masikio wakavaa shanga. Lakini pambo linaongeza juu ya kile alichokupa Mola. Singo inasugua na kuacha harufu nzuri, na ngozi inabaki yako. Mkorogo kazi yake ni kukuondolea ngozi yenyewe.

Tena unakuondolea na afya. Krimu na sabuni nyingine za kung'arisha zina zebaki, ambayo hudhuru figo na humfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 ulikataza vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kilo. Haidrokwinoni nayo ni marufuku kwenye vipodozi nchini mwetu. Bado vikopo visivyo na maelezo vinapita mkono kwa mkono. Huyu binti anaolewa, na huenda mwakani akabeba mimba. Zawadi gani hiyo tunayompa mtoto ambaye hajazaliwa?

Redio na televisheni za nchi hatuzimiliki, lakini picha za harusi zetu tunazimiliki sisi, na siku hizi harusi ya mtaani inatazamwa kwenye simu na watu wengi mno. Basi tuanzie hapo. Mpambaji amchagulie bibi harusi poda inayolingana na shingo na mikono yake. Mpiga picha aambiwe mapema asimpaushe. Shangazi na somo waache neno "amependeza, amekuwa mweupe", maana wadogo zake wamekaa palepale wanasikiliza. Na ukiweka picha mtandaoni, weka na ya yule mweusi tititi, tena mbele, si pembeni.

Tukifanya hivyo harusi moja baada ya nyingine, msichana wa Ipagala au wa Mkoani atakuwa na mahali pa kumwona bibi harusi anayefanana naye. Mola atujaalie macho ya kuuona uzuri alioutuumbia.