Binti Aliyeachwa Njiani

Msomaji wetu, katika likizo iliyopita tuliwapa watoto wa madrasa yetu hapa Tabora kazi ndogo: kila mmoja atunge hadithi ya binti mwenye ulemavu aliyeishi zama za misafara. Tulizisoma baada ya Swala ya Isha. Takriban zote zilikuwa na miisho miwili tu: ama binti anapona kwa muujiza, ama anafariki na kijiji kizima kinalia. Ni nadra tuliyemkuta akiachiwa aishi na mguu wake uleule, akafanya kazi, akaolewa, akagombana na mawifi zake.

Hatuwalaumu. Njia ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa kwetu Unyanyembe hadi Ujiji, ilikuwa ya miguu. Mpagazi alibeba kilo thelathini au zaidi, na wanawake walifuatana na misafara wakipika na kubeba vyombo. Ndui ilipoingia, waliokuwa hawawezi kutembea waliachwa. Baadhi ya waliopona ndui walibaki vipofu. Vitabu vya wasafiri hutueleza kwa urefu jinsi Livingstone na Stanley walivyokaa Kwihara mwaka 1872. Jina la aliyeachwa njiani hatulipati. Mahali hapo patupu ndipo mtunzi wa hadithi anapokuwa na kazi ya kufanya.

Mzee mmoja tunayemheshimu sana alitujia na lawama. "Mwanangu katibu, mnawafundisha wajukuu zetu kwamba babu zao waliuza watu?" Tulimjibu kwa adabu kwamba misafara ile ilikuwa na watu waliosali swala tano, na ilikuwa pia na watu waliofungwa minyororo, mtoto atayasoma hayo shuleni, na ni bora ayasikie kwanza kwetu. Hakuridhika. Tunaendelea kusalimiana.

Waliotuuliza mfano wa shujaa kama huyo tuliwaelekeza kwenye hadithi sahihi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Ibn Abbas (RA) alimwonesha Ataa bin Abi Rabah mwanamke mweusi, akamwambia kuwa huyo ni miongoni mwa watu wa Peponi. Bibi huyo alikuwa na kifafa, naye alimwendea Mtume (SAW) amwombee. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe afya. Akachagua subira, akaomba jambo moja tu, kwamba asifunuke nguo anapoanguka, akaombewa hilo. Tazameni kwamba aliulizwa. Hakuna aliyeamua kwa niaba yake. Na Ataa mwenyewe, aliyeipokea habari hiyo, wasifu wake unasema alikuwa na ulemavu wa mguu na baadaye akapofuka, naye ndiye watu wa Makka walimwendea kuuliza fatwa.

Wanafunzi wa sekondari wanakijua kitabu cha Takadini, cha Ben Hanson, juu ya mtoto mwenye ualbino ambaye mama yake, Sekai, anakimbia naye ili asiuawe. Katika mikoa yetu hii, ambako wenye ualbino wamewindwa siku hizi hizi, kinasomwa kwa moyo mzito. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, mambo yake ni ya Zimbabwe, na shujaa wake ni mvulana.

Hadithi iliyotukalia moyoni iliandikwa na binti wa miaka kumi na miwili anayetembea kwa gongo. Shujaa wake anaachwa karibu na kisima, nje kidogo ya Tabora. Wenyeji wanamchukua, anajifunza Kinyamwezi, anauza unga na maji kwa misafara, na anajua kwa sauti ya kengele tu ni msafara wa nani unaokuja. Siku moja anafika kiongozi yuleyule aliyemwacha, ana kiu, hamtambui. Anamtajia bei ya maji, bei ileile ya kila mtu.

Tulimwuliza kwa nini hakumponya mguu. "Ustadh," alitujibu, "sikuwa na nafasi. Msafara mwingine ulikuwa unaingia."