Msee, hiyo mishipa huko chini usiifiche

Kijiweni tunabonga kuhusu kila kitu: Arsenal, betting, bei ya unga. Lakini msee akiona mishipa imevimba kwenye korodani, ananyamaza kama maji mtungini. Naona huu ukimya ndio mbaya kuliko uvimbe wenyewe.

Usipanic. Mara nyingi hiyo ni varikosili, na humpata karibu mwanamume mmoja kati ya saba. Mishipa inayorudisha damu kutoka korodani hupanuka, ukishika unahisi kama rundo la minyoo. Kwa kawaida hutokea kushoto, kwa sababu mshipa wa upande huo hupitia kwanza kwenye mshipa wa figo, ilhali wa kulia huingia moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa tumboni. Ukilala chali, uvimbe hunywea.

Sasa skiza vizuri. Kama uko kulia pekee, kama umetokea ghafla ukiwa na zaidi ya miaka 40, au kama haunywei hata ukilala, huenda shida haiko huko chini. Mara chache, kuna uvimbe kwenye figo au nyuma ya tumbo unaobana au kuziba mshipa, na damu inakwama. Uvimbe wa aina hiyo, wakati mwingine saratani, unaweza kukua kitambo bila maumivu yoyote. Hiyo mishipa inaweza kuwa dalili ya kwanza utakayoiona.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wa "vumilia, wewe ni mwanaume", wala wale wa kukuuzia mizizi ya kuongeza nguvu. Mizizi haioni figo. Ultrasaundi inaona, na haina kisu wala mionzi. Ukiwa na dalili hizo, muulize daktari bila aibu: "Na tumbo pia litapigwa picha?" Una haki ya kuuliza.

Na usijifikirie peke yako. Buda yako au anko yako ana miaka 50 na hawezi kukuambia kitu kama hiki. Mtumie hii makala, hata kama mtaogopana wiki nzima.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Kwa hii story ni kweli kabisa, maana varikosili yenyewe inaweza kupunguza mbegu za kiume. Ila kwa wachache, kinachofichwa ni uhai.