Mkopo wa Dola 800

Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za Bwana Berry Gordy, Mmarekani mweusi wa mji wa Detroit, aliyeanzisha kampuni ya santuri iitwayo Motown. Habari zake zafaa kusomwa hata na mtu asiyependa muziki, kwa kuwa ndani yake mna mambo ya akiba, mkopo, ukaguzi wa kazi na mikataba, na mambo hayo humhusu mkulima na karani pia.

Bwana Gordy alizaliwa tarehe 28 Novemba 1929, mtoto wa saba katika wanane. Wazazi wake walikuwa wamehama kutoka jimbo la Georgia mwaka 1922. Baba yake alikuwa fundi wa lipu, tena mwenye duka la vyakula na kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Kijana aliacha shule ili apigane ngumi, kisha akaingizwa jeshini na kupelekwa Korea. Aliporudi mwaka 1953 alifungua duka la santuri za jazi. Duka hilo lilikufa, maana yeye alipenda jazi, na wanunuzi wa mtaa ule walitaka bluzi.

Mwaka 1955 aliajiriwa katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury, kwa mshahara wa dola 86 hivi kwa juma. Huko aliona chuma kitupu kikiingia upande mmoja, kikapita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja na kazi yake, na upande wa pili likatoka gari jipya. Jambo hilo hakulisahau.

Huku akifanya kazi alikuwa akitunga nyimbo. Mwaka 1957 mwimbaji Jackie Wilson aliimba "Reet Petite", wimbo ambao Bwana Gordy aliutunga pamoja na wenzake, nao ukapendwa sana. Walakini fedha zilizomfikia zilikuwa chache. Yasimuliwa kwamba siku moja alipokea hawala ya dola 3 na senti 19 tu kwa kazi ya santuri nzima, na rafiki yake, mwimbaji Smokey Robinson, alipoiona akamshauri aanzishe kampuni yake mwenyewe.

Kilichokosekana ni mtaji. Jamaa ya Gordy walikuwa na mfuko wao wa akiba, kila mmoja akitia dola 10 kwa mwezi. Tarehe 12 Januari 1959, baada ya kumhoji sana, walimkopesha dola 800, naye akatia sahihi hati ya kuahidi kulipa. Udugu haukuwazuia kuandikiana. Mwaka huo huo alinunua nyumba ya kawaida katika barabara ya West Grand Boulevard, akaigeuza kuwa afisi na chumba cha kurekodia. Mwaka 1960 wimbo "Shop Around" wa kundi la Miracles uliuza santuri zaidi ya milioni moja, na mwaka 1961 "Please Mr. Postman" wa akina Marvelettes ukawa wimbo wa kwanza wa kampuni hiyo kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za Marekani nzima.

Siri yake ilikuwa ule utaratibu wa kiwanda cha magari. Wengine walitunga, wengine walipiga vyombo, na Bibi Maxine Powell aliwafundisha waimbaji namna ya kutembea, kuketi na kusema mbele za watu. Kila Ijumaa asubuhi ulifanyika mkutano wa kukagua nyimbo, na aliyechelewa alifungiwa mlango. Waliulizana: mtu mwenye njaa, akiwa na dola moja ya mwisho, atanunua santuri hii au atanunua mkate? Wimbo ulioshindwa uliwekwa kando, kama buni mbaya inavyotengwa na nzuri.

Hata hivyo mkaguzi naye ni binadamu. Mkutano ule uliukataa wimbo "I Heard It Through the Grapevine" kama ulivyoimbwa na Marvin Gaye. Ulipotolewa mwaka 1968 ulikaa nafasi ya kwanza kwa majuma saba. Bwana Gordy hakuipenda pia "What's Going On" ya mwimbaji huyo huyo, akidhani haitauzika. Ilitolewa mwaka 1971 na kuuzwa upesi mno.

Sasa twafikia jambo linalotupasa kulifikiri sana. Wapigaji wa vyombo, waliojulikana kwa jina la Funk Brothers, walisikika karibu katika kila wimbo uliotoka nyumba ile. Walilipwa ujira wao, lakini kwa miaka mingi majina yao hayakuandikwa juu ya santuri. James Jamerson, aliyepiga gitaa la besi kwa ustadi usio na mfano, aliliona jina lake kwa mara ya kwanza katika santuri ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles, na wengi wao wakabaki Detroit bila kazi ile. Kadhalika watungaji watatu wakuu, ndugu wawili wa ukoo wa Holland na mwenzao Dozier, waligombana na kampuni juu ya mgawo wa faida, na mwaka 1968 wakafikishana kortini.

Tutazame na upande wa pili wa hesabu. Mwaka 1988 Bwana Gordy aliiuza kampuni ya santuri kwa dola milioni 61, lakini hakuuza haki za nyimbo zenyewe, zilizokuwa chini ya kampuni yake nyingine iitwayo Jobete. Mwaka 1997 aliuza nusu tu ya haki hizo, akapata dola milioni 132. Mkulima atalifahamu jambo hili bila kuelezwa sana: santuri ni mavuno ya msimu mmoja, na haki ya wimbo ni shamba.

Bwana Gordy alitangaza kustaafu mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 89. Nyumba ile ya Detroit imekuwa makumbusho tangu mwaka 1985, kwa juhudi za dada yake Esther, ambaye alikuwa miongoni mwa wale waliomhoji kabla ya kumpa mkopo.

Basi, ndugu msomaji, akiba haiozi, na dola 10 za kila mwezi zilizaa mali kubwa. Lakini kabla hujatia sahihi karatasi yoyote, ya wimbo, ya shamba au ya kazi, isome mpaka mwisho, uone jina lako limeandikwa mahali gani. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye kuiandika, usiwasahau waliofanya kazi pamoja nawe.