Deni la mchoraji, deni la frateri

Mwaka 1880 Theodore Clement Steele, mchoraji wa jimbo la Indiana huko Marekani, alitaka kwenda kusoma sanaa Munich, Ujerumani. Uwezo hakuwa nao. Mfanyabiashara Herman Lieber aliwahimiza watu wa Indianapolis wakamchangia, naye akaahidi kuwalipa kwa picha. Akaondoka na mke na watoto watatu, akakaa huko miaka mitano.

Sisi mafrateri hatuhitaji kuelezwa habari hiyo. Jumuiya Ndogo Ndogo zinachanga, mama anauza debe la mahindi, ili sisi tusome. Swali ni moja: tutawarudia na nini?

Steele alirudi mwaka 1885 na rangi nzito za kahawia alizofundishwa Munich. Lakini mwanga wa Indiana haukuwa ule: kulikuwa na ukungu wa asubuhi, na majani ya vuli mekundu na ya dhahabu. Taratibu rangi zake zikawa nyepesi. Akachora nje, kwa mtindo wa Waimpresionisti, akiuwahi mwanga kabla haujabadilika. Mwaka 1907 alinunua ardhi Brown County, sehemu ya vilima, mashamba duni na barabara mbovu, akajenga nyumba huko pamoja na Selma, mke aliyemwoa baada ya kufiwa na wa kwanza. Alichora vilima hivyo hadi uzee wake, akafariki mwaka 1926.

Kwa maoni yangu, kurudi nyumbani si kazi ngumu. Kazi ni kurudi na kukubali kujifunza tena. Padre anaweza kufika kigangoni akiwa bado na rangi za Munich: homilia imejaa maneno ya darasani, waamini wanasikiliza kwa heshima, kisha wanatoka kama walivyoingia. Kosa si la elimu, kwani bila Munich Steele asingekuwa mchoraji yule. Kosa ni kutotazama mahali ulipotumwa.

Mtu atasema picha si sakramenti. Ni kweli. Lakini Bwana wetu alifundisha kwa mpanzi, wavu na chachu, vitu ambavyo wasikilizaji wake walivishika kila siku.

Basi, ndugu frateri, ukipangiwa kigango cha mbali, usianze na daftari. Tembea kwanza. Jua mto unakauka mwezi gani, na nani amefiwa. Waliokuchangia wanakudai hilo.