Mji wa Bolton Katika Picha za Zamani

Wasomaji wengi wamepata kuziona picha za zamani zilizopigwa na wageni katika nchi za Afrika: wazee wamesimama wima mbele ya nyumba zao, watoto wamekodoa macho, na chini ya picha yamo maneno machache ambayo aghalabu hayataji jina la mtu hata mmoja. Picha nyingi za namna hiyo zimewekwa Ulaya, na wajukuu wa wazee wale wakizitazama huuliza, "Ni nani huyu?" wasipate wa kuwajibu. Lakini si watu wengi wajuao ya kuwa Waingereza nao walipata kutazamwa vivyo hivyo, tena katika mji wao wenyewe, na Mwingereza mwenzao aliyejifunza kazi ya kutazama watu katika kisiwa cha mbali. Habari hiyo ni ya mji wa Bolton, na yafaa ielezwe tangu mwanzo.

Bolton ni mji wa Lancashire, upande wa kaskazini-magharibi ya Uingereza, nao hauko mbali na Manchester. Huko ndiko alikozaliwa Samuel Crompton, ambaye mwaka 1779 alikamilisha mtambo wa kusokota nyuzi nyembamba na imara kuliko zile zilizosokotwa kwa mitambo iliyotangulia. Yeye mwenyewe hakutajirika, maana siri ya mtambo wake aliitoa kwa ahadi ya malipo kidogo, na wenye mali ndio waliovuna. Lakini mji ulikua upesi. Pamba ya Misri ilipelekwa Bolton kwa wingi kusokotwa nyuzi laini, na madohani ya viwanda yakasimama juu ya mji kama minazi juu ya shamba. Katika miaka ya 1930 wakazi walikuwa karibu 180,000, na wengi wao waliishi katika safu za nyumba ndogo za matofali, zilizoungana ukuta kwa ukuta, na vyoo vikiwa nje uani.

Wakati huo biashara ya pamba ilikuwa imeanza kuanguka. Viwanda vya Japani na vya Bara Hindi vilikuwa vikiuza nguo kwa bei ndogo, na wafuasi wa Gandhi walikuwa wamekataa kununua nguo za Uingereza. Mwezi wa Septemba 1931 Gandhi mwenyewe alikwenda Darwen, mji ulio jirani na Bolton, awaone watu waliopoteza kazi kwa ajili ya jambo hilo. Ipo picha iliyopigwa siku zile: Gandhi amejifunga shuka yake nyeupe, na wanawake wa kiwandani wamemzunguka wakishangilia. Mtu akiitazama picha hiyo hawezi kudhani ya kuwa hao ndio waliopata hasara. Walimwona kuwa ni mgeni, nao wakampokea kama mgeni.

Basi, katika mji kama huo ndimo alimoingia kijana mmoja aitwaye Tom Harrisson, aliyezaliwa mwaka 1911. Kijana huyu alisoma Cambridge bila kumaliza, akaenda kukaa na watu wa kisiwa cha Malekula katika visiwa vya New Hebrides, ambavyo siku hizi ni nchi ya Vanuatu. Alikula walichokula na kuandika desturi zao, na mwaka 1937 kitabu chake juu ya watu hao kilitolewa. Lakini aliporudi kwao alijiuliza swali moja: ikiwa Waingereza hufunga safari za mbali kwenda kuandika desturi za watu wa visiwani, mbona hakuna anayeandika desturi za Waingereza wenyewe?

Sababu iliyomfanya achague Bolton aliieleza baadaye. Alisema kwamba huko Malekula aliikuta kampuni kubwa ya sabuni na mafuta ikifanya biashara, na mwanzilishi wa kampuni hiyo, William Lever, alizaliwa Bolton mwaka 1851, mtoto wa mwenye duka. Huyu ndiye Lever wa sabuni ya Sunlight, inayojulikana sana katika Afrika ya Mashariki, na ndiye aliyepata ardhi kubwa ya michikichi katika Kongo mwaka 1911, mahali ambapo Waafrika wengi walifanyishwa kazi ngumu. Harrisson akaona kwamba uzi mmoja umefunga kisiwa cha Malekula na mji wa Bolton, naye akaufuata uzi huo mpaka mwisho wake.

Mwaka 1937 yeye na wenzake wawili, Charles Madge na Humphrey Jennings, walianzisha chama kilichoitwa Mass-Observation, yaani utazamaji wa umma. Harrisson alipanga nyumba ya kawaida katika Bolton, akakusanya wasaidizi, na mji wenyewe wakauita Worktown, Mji wa Kazi, ili jina lake lisijulikane vitabuni. Wasaidizi hao waliingia makanisani, sokoni na katika mabaa, ambayo yalikuwa kama 300 mjini humo. Waliandika kila kitu. Walihesabu hata dakika anazotumia mtu kumaliza glasi moja ya bia, na mara ngapi huinua glasi kabla haijaisha. Vitabu vinne vilikusudiwa kuandikwa juu ya Bolton, lakini kilichotoka ni kimoja tu, kile cha mabaa, mwaka 1943.

Kwa kuwa maneno peke yake hayakutosha, aliitwa mpiga picha. Jina lake lilikuwa Humphrey Spender, aliyezaliwa mwaka 1910, ndugu yake mshairi Stephen Spender. Alikuwa mtu wa London, wa ukoo wenye nafasi, na amezoea kazi ya magazeti. Agizo alilopewa lilikuwa moja: awapige watu picha wasijue. Basi alichukua kamera ndogo aina ya Leica, akaificha chini ya koti, akatembea mitaani kama mpita njia. Katika safari zake za mwaka 1937 na 1938 alipata picha zaidi ya 900, za Bolton pamoja na za mji wa pwani wa Blackpool.

Picha hizo hazina fahari yoyote, na kwa sababu hiyo zina thamani. Katika moja, nguo zilizofuliwa zimeanikwa kwa kamba kutoka ukuta hata ukuta juu ya kichochoro, na nyuma yake dohani linatoa moshi. Mwanamke yeyote akiitazama ataijua taabu ya kufua nguo mahali penye masizi. Katika nyingine watoto wanacheza mtaani, au wanaume wenye kofia bapa wamekaa katika baa, kila mmoja na glasi yake. Ziko za soko, za mazishi, za mikutano ya uchaguzi, na za watazamaji wa mpira katika uwanja wa Burnden Park. Uwanja huo ulipata msiba mwaka 1946, watu 33 walipokufa katika msongamano, na mwaka 1997 ulifungwa.

Mengine hayakuweza kuingia katika picha, na hayo yamehifadhiwa kwa midomo ya wazee. Wao ndio waliosimulia mlio wa viatu vya mbao vyenye vyuma chini yake, mamia ya watu walipokwenda kazini alfajiri. Walisimulia makelele ya mitambo ya kufumia, jinsi yalivyokuwa makubwa hata wanawake wa kiwandani walijifunza kusemezana kwa kusoma midomo, wasihitaji sauti. Walisimulia pia juma la likizo, viwanda vyote vilipofungwa pamoja, moshi ukakoma, na watu wakapanda magari ya moshi kwenda Blackpool. Wengi wao walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima, kwa maana kabla ya sheria ya mwaka 1938 wafanyakazi wengi hawakulipwa mshahara siku za likizo.

Je, ilikuwa haki kuwapiga watu picha kwa siri? Swali hili lilimtaabisha Spender mwenyewe. Katika uzee wake alikiri kwamba alijiona kama mdukuzi, mtu wa tabaka jingine aliyekuja kuchungulia maisha ya maskini. Hata katika baa alipata kukemewa. Na wenye kumkemea walikuwa na haki, kwani sura ya mtu ni mali yake, na mgeni mwenye adabu hubisha hodi. Kwa upande mwingine, kama angalibisha hodi katika kila mlango, watu wangalivaa nguo za Jumapili na kusimama wima, na ile Bolton ya kila siku isingalionekana kamwe.

Hukumu ya jambo hili haikutolewa na wataalamu bali na wenyeji. Picha nyingi zilikaa muda mrefu bila kutazamwa, kwa kuwa vita vya mwaka 1939 vilivuruga mipango yote. Katika miaka ya 1970 zilianza kuonyeshwa tena, mwaka 1982 kitabu chake kikatolewa, na hatimaye picha zikarudi Bolton, katika nyumba ya makumbusho ya mji. Huko watu walizitazama kwa jicho jingine. Msomi wa London aliona "mwanamke wa kiwandani". Mwenyeji aliona jirani yake. Msomi aliona "mtaa wa maskini". Mwenyeji alijua duka la pembeni lilikuwa la nani. Kamera iliweza kuchukua sura, lakini haikuweza kuchukua jina. Jina lilibaki kwa wenyeji, na bila jina hilo picha ilikuwa nusu tu.

Mji waliouona katika picha hizo umekwisha kuondoka. Mwaka ule ule wa 1938 alizaliwa Bolton mtoto aitwaye Fred Dibnah, ambaye alipokua alifanya kazi ya kupanda na kutengeneza madohani. Viwanda vilipokufa kimoja baada ya kingine, kazi yake ikawa kuyaangusha. Alikata matofali ya chini, akaweka magogo mahali pake, kisha akayatia moto. Magogo yalipoungua dohani lilianguka lenyewe. Aliyapenda madohani hayo, naye akayaangusha, maana kazi ni kazi. Alifariki mwaka 2004, na mji wake ukamsimamishia sanamu.

Hata wakazi wenyewe wamebadilika. Tangu miaka ya 1950 na 1960 watu wa Bara Hindi na Pakistani walifika kufanya kazi viwandani, wengi katika zamu za usiku, na baadaye wakafuata Wahindi waliotoka Kenya na Uganda. Miongoni mwao walikuwamo waliokijua Kiswahili tangu utoto. Hao hawamo katika picha za Spender. Picha zao zimo katika masanduku yao wenyewe, za harusi na za duka la kwanza, na ni juu ya wana wao kuandika majina nyuma ya karatasi kabla wazee hawajaondoka.

Neno hili halikuwekwa kwa watu wa Bolton peke yao. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki imo picha moja ya zamani, imefifia, ya babu amevaa kanzu au koti la kazini, pamoja na watu wanne watano wasiojulikana. Bibi aliyesalia anawajua wote. Penye wazee hapaharibiki jambo, lakini wazee hawakai milele. Kumwuliza hakuhitaji fedha, wala chama, wala mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Kunahitaji kalamu ya risasi na saa moja ya jioni.