Taa ya Mtambo Iseme Kweli

Ajali ikitokea kiwandani, wa kwanza kulaumiwa ni mwendesha mtambo, ilhali tungepaswa kuanza na paneli aliyopewa. Machi 28, 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilikwama wazi, maji ya kupoza kinu yakawa yanapotea. Taa ya vali hiyo kwenye paneli ilikuwa imezimika, waendeshaji wakaamini vali imefungwa. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Hali ya vali yenyewe haikupimwa. Ving'ora zaidi ya 100 vililia karibu kwa pamoja, vya maana na visivyo na maana. Zilipita saa mbili na ushee kabla ya uvujaji kuzibwa, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Wapo watakaosema dawa ni mafunzo. Mafunzo ni lazima, lakini hayamwezeshi mtu kuona kile ambacho paneli inamficha. Gharama nayo? Kifaa cha kupima mkao wa vali ni bei ndogo mno mbele ya hasara ile. Wanaonunua mitambo ya viwanda vyetu waulize kabla ya kutia saini: taa hii inapima nini hasa? Na waendeshaji waitwe kuijaribu paneli kabla ya malipo.