KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Ndugu wafanya kazi wa Amu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, na nyinyi wa bara huko Mokowe na Hindi.

Twajua mtauliza: watu wa reli wana neno gani la kutuambia sisi, na Lamu haina reli? Ni kweli. Reli iliyotangazwa pamoja na bandari mwaka 2012 haijatandikwa. Lakini jambo tunalotaka kulisema sisi wa reli twalijua kwa kazi yetu, na nyinyi limekaa juu ya vichwa vyenu. Jambo hilo ni asbesto.

Asbesto ni jiwe la kuchimbwa ardhini, ila jiwe lenyewe lina nyuzi kama pamba. Haliungui, halipitishi joto, wala halili kutu. Kwa sababu hiyo injini za mvuke zilivikwa asbesto kila mahali duniani, breki zikatiwa asbesto, tena ikachanganywa na saruji kufanya yale mabati ya kijivu, mazito, yasiyo ya chuma. Nyumba nyingi za wafanya kazi, shule na ofisi za serikali katika Kenya ziliezekwa hayo.

Watu wa Lamu wana haki ya kupenda paa lisiloungua. Nani amesahau Faza mwaka 2009, moto ulipoteketeza mamia ya nyumba? Lakini sikilizeni vizuri. Lile lile linalolifanya jiwe hili lisiungue juu ya paa ndilo linalolifanya lisitoke ndani ya pafu. Unapolivunja, nyuzi hutoka nyembamba mno, jicho halizioni. Hazina harufu wala haziwashi. Ukizivuta huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, nazo zikae huko. Baada ya miaka 20, au 30, au 40 na zaidi, mapafu hukakamaa na pumzi ikawa fupi. Au ikaja kansa ya mapafu. Au ile kansa ya utando wa mapafu ambayo waganga huiita mesotelioma. Mvuta sigara anayefanya kazi ya asbesto hatari yake ya kansa ya mapafu huzidi mara nyingi. Shirika la Afya Duniani lasema asbesto ya kazini huua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka.

Wako wanaosema, “Mbona wazee walikaa chini ya mapaa hayo wakazeeka?” Hao wachanganya mambo mawili. Paa zima, lisilopasuka, lililoachwa lilivyo, halitoi vumbi jingi. Vumbi hutoka kwa nyundo, msumeno, keekee na ufagio. Basi anayekufa kwanza ni fundi na kibarua aliyetumwa kulibomoa. Na yeye hufa hali kazi ile imekwisha zamani, tajiri amekwenda zake, na hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kupanda paa lile.

Tazameni yaliyopata wenzetu. Mwaka 1924, huko Rochdale katika Uingereza, alikufa mwanamke mfanya kazi jina lake Nellie Kershaw. Alikuwa na miaka 33, umri wa wengi wetu. Tangu utoto alisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Daktari aliyepima mapafu yake alikuta vipande vya jiwe hilo ndani yake. Waajiri walikataa kulipa, akazikwa kimaskini. Serikali ya huko ilitoa amri za kupunguza vumbi la viwandani mwaka 1931, na haikupiga marufuku asbesto ya kila namna mpaka mwaka 1999. Hesabuni wenyewe: toka kaburi la mama yule mpaka katazo ni miaka 75. Ndiyo sababu twasema, mfanya kazi asingoje wakubwa wamwonee huruma kwanza.

Na Swindon, nchi hiyo hiyo, palikuwa na karakana kubwa ya reli. Mafundi waliovika na kuvua asbesto katika injini na mabehewa walikufa wengi, hata watu wakauita mauti ule ugonjwa wa Swindon. Ziko na nyumba ambazo ugonjwa ulimshika mke. Yeye hakukanyaga karakana. Alikuwa akikung’uta na kufua nguo za mumewe. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa neno hilo si fumbo tena.

Sasa turudi Lamu. Chumvi ya bahari hula bolti mpaka hazifunguki. Ndipo msimamizi humwambia kibarua, “Piga nyundo, tumalize.” Vipande huanguka chini, vumbi huchukuliwa na kusi au kaskazi mpaka nyumba ya pili, na vichochoro vya mji ni vyembamba. Halafu vipande hupakiwa juu ya punda, vikipasuka njia nzima, au hutiwa mashuani bila kufunikwa. Vilivyobaki huokotwa vikaezeka banda la kuku, au watoto huvichezea. Na kibarua amejifunga leso puani. Ndugu, leso haizuii nyuzi hizi. Kumpa mtu leso kwa kazi hii ni kumdanganya.

Kazi hii ina njia yake, nayo si siri. Bati la kijivu la zamani lihesabiwe kuwa ni asbesto mpaka lipimwe. Watu wasiohusika waondolewe karibu. Asipande mtu juu ya bati lenyewe, kwani huvunjika ghafula akaanguka. Lilowanishwe kwa maji kidogo kidogo kabla ya kuguswa na wakati wote wa kazi. Bolti iliyoshikwa na kutu ikatwe kwa mkasi wa chuma, bati lisipigwe. Bati litoke zima, lishushwe polepole, lisitupwe. Lifungwe mara mbili katika plastiki nene, liandikwe kuwa ni hatari. Kila mtu avae barakoa yenye chujio la vumbi jembamba, imkae usoni sawasawa, na nguo za kazi zisizokwenda nyumbani. Aoge kabla ya kula na kabla ya kurudi kwa watoto. Ufagio mkavu marufuku. Tumia kitambaa kimaji, nacho kifungwe pamoja na taka.

Matajiri wa tenda watasema, “Gharama hiyo twaitoa wapi?” Twawajibu: gharama ipo siku zote. Msipoilipa nyinyi kwa maji, plastiki na barakoa, ataitoa kibarua kwa pafu lake, na mjane wake ataimalizia hospitali. Tenda isiyoweza kununua barakoa haina faida. Ni wizi wa pumzi za watu.

Tena hatuombi sadaka. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 zaiweka asbesto katika taka za hatari. Achukuaye taka hizo lazima awe na leseni ya NEMA. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tena yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa na kuitoa habari, asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe. Penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sheria ziko, hazina mikono mpaka sisi tuzipe yetu.

Najua njaa, atasema kibarua. Nikikataa mimi, atakubali mwingine. Ni kweli, ukikataa peke yako. Ndiyo maana chama kipo. Watu wa Lamu walikwenda pamoja mbele ya baraza la mazingira, na mwaka 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilifutwa. Hawakwenda mmoja mmoja.

Kwa hivyo twataka mambo manne. Kwanza, kila jengo la umma lenye paa la asbesto katika visiwa na bara lihesabiwe, na orodha ibandikwe waziwazi. Pili, tenda yoyote ya kubomoa isitolewe bila bei ya vifaa vya usalama kuandikwa ndani yake. Tatu, taka zisizikwe mchangani, zisitupwe mikokoni wala baharini, bali zipelekwe mahali palipokubaliwa na NEMA. Nne, jina la kila aliyefanya kazi hiyo, kibarua wa siku moja hata, liandikwe na nakala ikae kwa chama, ili ugonjwa ukija baada ya miaka 30 awe na ushahidi wa kudai fidia.

Mpaka hayo yatimizwe, neno letu ni moja: bati kavu halipigwi nyundo. Akija msimamizi na nyundo na leso, shukeni chini nyote, mpelekeeni habari mjumbe wa chama siku hiyo hiyo.

Tajiri apewe jasho letu kwa mshahara wa haki. Pumzi haimo katika mapatano.

Ni sisi ndugu zenu wa reli.